Beki Aliyeniposea Mke

Watu wa mji wetu wa Bagamoyo wakitaka kuniudhi huniuliza swali moja tu: timu yako ya Uingereza ina mashabiki wangapi Tanzania nzima? Nami huwajibu kwa hasira ileile ya siku zote kwamba ni wawili. Zamani nilikuwa nikijibu mmoja. Namna huyo wa pili alivyopatikana ndiyo habari ninayotaka kuieleza, na ndani yake mna posa, friji bovu, mjomba wangu asiyejua kunyamaza, na Mwingereza mmoja ambaye hana habari kama mji wetu upo duniani.

Huyo Mwingereza alikuwa beki. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtasema hamumjui, na tutakosana bure. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka uwanjani, baba yake alikuwa akipaka rangi viti vya uwanja huohuo, na yeye akaingia katika timu ya watoto, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka akawa nahodha. Timu nyingine hakuwahi kuichezea. Mbio hakuwa nazo. Alikuwa akikimbia kama mtu anayemfukuza kuku wa jirani huku hataki jirani amwone. Lakini palipo na hatari alikuwapo, na akichelewa kufika alikuwa wa kwanza kuomba radhi.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye banda la mpira karibu na soko. Timu yake ilikuwa inafungwa na moja ya zile timu kubwa ambazo banda zima linazishangilia, na yeye alikuwa amefungwa bandeji kichwani kwa sababu ya kugongana na mtu. Ukapigwa mpira wa juu, akaruka, akaupiga kichwa vizuri kabisa, ukaingia golini kwake mwenyewe. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Yeye aliinuka, akautoa mpira wavuni kwa mkono wake, akaupeleka katikati huku akiwapigia makofi wenzake wasikate tamaa. Mimi ni fundi wa friji. Nimezoea kuitwa mambo yakishaoza. Nilimtazama yule bwana na bandeji yake nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wangu.

Msimu uliofuata timu ikashuka daraja. Timu kubwa zikamtaka, akakataa zote, akashuka nayo. Huko chini mechi zao hazionyeshwi mabandani, kwa hiyo nikawa nazifuata kwa simu, maandishi matupu: kona, faulo, kona. Ni kama kushiba harufu ya pilau ya jirani. Pale kijiweni kwetu wakanibandika kila jina. Mmoja alinishauri nimwite huyo beki aje kwa mganga wetu atolewe jini wa kufungwa. Sikuhama. Sikuhama kwa sababu yeye hakuhama, na pia kwa sababu mimi ni mbishi, mama yangu atawaambia.

Sasa friji. Nilipigiwa simu niende Zinga, kwenye duka moja la barabara ya Dar, friji la soda limegoma. Mwenye duka alikuwa mzee mmoja wa makamo, mkali wa sura, na ukuta wake wa nyuma umejaa picha za timu za Uingereza, moja imebandikwa juu ya nyingine. Kila timu iliyochukua ubingwa, mzee alihamia huko. Binti yake wa pili alikuwa akiuza barafu za ubuyu kutoka kwenye friji hilohilo, akanimulikia kwa tochi ya simu nilipokuwa nimeinama nyuma ya mashine.

"Mafundi wote wamesema litupwe," akaniambia. "Wewe mbona husemi?"

"Halijafa. Limechoka kusikia maneno."

Akacheka. Nikalitengeneza. Likaharibika tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na mpaka leo kuna watu wa Zinga wanaoapa kwamba niliacha skrubu imelegea makusudi. Huo ni uzushi. Gesi ilikuwa ikivuja kwenye kiungo cha nyuma, na kiungo cha nyuma hakionekani kirahisi, hasa ikiwa macho ya fundi yako kwingine.

Yule mzee alikuwa na jambo lake, na kila mtu Zinga alilijua. Binti yake wa kwanza aliolewa na kijana mtanashati wa mjini. Ikasemwa kijana kaenda kutafuta kazi, na asirudi tena. Binti akarejea kwa baba yake kwenye bajaji, yeye na godoro na mtoto mchanga. Tangu siku hiyo mzee hakumwamini mtu yeyote mwenye miguu. Hata paka akiingia dukani, alimtazama kana kwamba anamuuliza: unakaa au unapita?

Kwa hiyo nilipomwambia mama nataka nipelekewe posa Zinga, alishusha pumzi kwanza. Kisha akamwita mjomba.

Mjomba wangu huyo ameshona nyavu Mbegani maisha yake yote, na ndiye mshenga wa ukoo. Anajisifu kwamba hakuna posa aliyoipeleka yeye ikarudi. Kwetu mposaji haendi kwenye posa yake, hubaki nyumbani akitokwa jasho, basi ya huko ndani nimeyapata kwa baba mdogo, mtu mkavu asiyejua kutia chumvi hata kwenye mchuzi. Anasema mambo yalikwenda vizuri. Mjomba alitaja ukoo, akataja dini, akataja ufundi. Kahawa ikanywewa. Kisha yule mzee akaweka kikombe chini.

"Kijana wenu tumemuulizia," akasema. "Hanywi, msikitini anaonekana, kazi anayo. Mie nina swali moja tu. Atakaa?"

Mshenga mwingine angesema inshallah, yakaisha. Mjomba wangu akiona kimya kidogo lazima akijaze.

"Mzee mwenzangu, huyu kijana kazi yake ni kukaa! Ana beki wake huko Uingereza. Timu imefungwa, kakaa naye. Timu imeshuka daraja, kakaa naye. Vijana wenzake wanamcheka mchana kutwa, yuko palepale. Sasa mtu aliyevumilia beki asiye na mbio, atamwacha mke mwenye afya yake?"

Wazee wakacheka. Mzee mwenyewe hakucheka.

"Na huyo beki, yeye anakaa?"

"Tangu utoto wake yuko timu moja."

"Na akihama?"

Hapo baba mdogo anasema aliangalia dari, maana alimjua shemeji yake.

"Wallahi," mjomba akasema, "siku beki huyo akihama, nitakuja hapa mwenyewe, kwa miguu yangu, niivunje posa hii."

"Nimesikia," mzee akasema. "Na nyinyi nyote mmesikia. Jibu mtalipata dirisha la usajili likifungwa."

Niliposimuliwa nilitaka kulia. Lakini kwetu neno la mshenga ni neno la mposaji. Mshenga akisema una ng'ombe, wewe nenda katafute ng'ombe. Siwezi kwenda Zinga kusema mjomba aliteleza, maana nitakuwa nimeivunja posa hata kabla ya Mwingereza. Basi ndoa yangu ikawa iko mikononi mwa mchezaji aliyekwisha kula chumvi, mwenye goti bovu, ambaye nisingeweza hata kumpigia simu kumwambia, ndugu yangu, tafadhali, tulia hapo ulipo.

Wala haukupita muda, ukaja uvumi. Timu moja tajiri ya Uarabuni inamtaka. Mkwe wangu mtarajiwa alizipata habari kabla yangu, na kuanzia hapo alizifuatilia kuliko bei ya sukari. Nikipita Zinga na begi langu la vifaa, madereva wa bodaboda wakanipigia kelele, "Fundi, beki wako anapanda ndege!" Hata waliokuwa hawajui mpira ni wa duara wakawa na maoni juu ya mkataba wake. Mjomba naye akanijia na wazo.

"Huyo beki ana mke?"

"Anaye."

"Mkewe ataliweza joto la Uarabuni?"

"Mjomba, mimi nitajuaje?"

"Basi muombe Mungu mkewe agome. Mwanamume hahami nyumba mke akigoma."

Mama yangu hakusubiri mke wa mtu agome. Alipika vitumbua beseni zima, akavipeleka madrasa ili watoto wasome dua. Mwalimu akauliza mgonjwa ni nani. Mama akasema hakuna mgonjwa, ni mtu anatakiwa na timu nyingine na sisi tunaomba athibitike pale alipo. Mwalimu akauliza kama ni Muislamu. Mama akajibu, "Ni beki." Mwalimu akavitazama vitumbua, vilikuwa bado vya moto, akasema kuombea mtu uthabiti si vibaya. Watoto wakaitikia amina kwa sauti ambayo naamini ilifika Ulaya.

Siku ya mwisho ya usajili nilishindwa kuitazama simu. Niliifunika kwa sufuria jikoni, nikalala mapema kama mtoto aliyekosa. Asubuhi, nimetoka kuswali, nikasikia sufuria linatetemeka. Ni yule mzee wa Zinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabaki."

Akakata simu. Hilo ndilo lilikuwa jibu la posa yangu, na mpaka leo sijasikia jibu tamu kuliko hilo. Mchumba wangu akanipigia baadaye akanipa hongera ya kushinda mechi bila kugusa mpira. Mzee akasema ndoa itakuwa msimu wa Uingereza ukiisha, maana hataki kuozesha huku akili yake iko kwingine.

Miezi ikaenda. Tukanunua mchele, kanzu ikashonwa, turubai likakodiwa. Ilipobaki wiki moja tu harusi ifike, niko uani nimefungua jokofu la watu, simu ikaingia ujumbe. Timu yangu, ile ninayoishangilia peke yangu nchi nzima, ilikuwa imetoa picha ya beki wangu na maneno machache chini yake. Wanamshukuru kwa utumishi wake. Hawatamwongezea mkataba.

Nilikaa chini palepale. Niliumia kwa ajili yake kabla sijakumbuka posa, naapa. Mtu amekaa mahali pamoja tangu utotoni, amekataa matajiri, amebomoka goti kwa ajili yao, na wanamtoa kwa mistari miwili. Nikawatukana kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza matusi yangu hayana nguvu.

Kumbe mjomba naye ameshapata habari. Kabla sijamaliza kutukana akaingia uani, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi.

"Vaa tuondoke. Twende Zinga."

"Kufanya nini?"

"Kuivunja posa."

"Mjomba! Hakuhama! Wamemtoa!"

"Leo yupo kwenye timu?"

"Hayupo."

"Basi. Ahadi ni deni. Sijarudishiwa posa maishani mwangu, na sitaki sifa hiyo nibaki nayo kwa kudanganya."

Nilimbembeleza, nikampigia kelele, nikamwita mama. Mama akalia, mjomba akatoka. Nikakodi bodaboda ili angalau tuwahi na nipate kumtuliza njiani, akakataa kupanda. Alisema aliapa atakwenda kwa miguu yake, na pikipiki haina miguu. Mjomba wangu ni mtu mzima, na kutoka mjini kwetu hadi Zinga hakuna anayekwenda kwa miguu ila aliyekosa akili au nauli. Akakamata njia. Mimi na dereva tukamfuata nyuma polepole, pikipiki inakohoa, mimi nimeshika chupa ya maji kama mchezaji wa akiba. Kila tulipopita watu wakauliza kuna nini, na dereva, ambaye hakuombwa kusema, akawaeleza kuanzia beki. Tulipofika Zinga kila mtu alikuwa anajua, na baadhi wametoka na viti.

Mzee alikuwa barazani nyuma ya duka na majirani zake. Wanawake walikuwa upande wa pili wanachambua mchele wa harusi. Mjomba akasimama mbele yao, viatu vimemkata, kanzu imekuwa nyekundu kwa vumbi chini.

"Assalamu alaikum. Nimekuja kwa lile neno langu. Beki hayupo tena kwenye timu. Nimekuja kuivunja posa."

 Mzee akanitazama mimi.

"Kaondoka au katolewa?"

"Katolewa, mzee. Goti, na umri."

"Aliyeondoka na aliyetolewa wote hawapo," jirani mmoja akasema, na wengine wakaanza kubishana. Mmoja akasema mtumishi akifukuzwa si mtoro. Mwingine akasema kiapo hakina magoti. Walibishana kwa raha sana, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaoa.  Mzee nilimwona usoni kwamba anaogopa, na kwamba hajali hata kidogo habari za Uingereza. Alikuwa anatafuta mahali pa kushika ili athubutu kumwoza binti yake wa pili, na pale alipokuwa ameshika pamevunjika.

Binti yake wa kwanza akaweka ungo chini.

"Hebu nimwone huyo mtu," akasema.

Nikampa simu. Kulikuwa na video fupi ya siku yake ya mwisho, ameshaambiwa kwamba hatabaki. Mechi imekwisha, watu wameondoka, na beki wangu anatembea peke yake uwanjani na soksi tu miguuni, viatu kavishika mkononi. Anafika kwenye goli lile la upande wa kwao. Wavu umechomoka kwenye ndoano ya pembeni. Anaweka viatu chini, anauinua wavu, anaurudisha kwenye ndoano, anauvuta kuona kama umeshika. Kisha anachukua viatu vyake anatoka.

Yule binti akaitazama mara moja, akairudia.

"Baba," akasema, "yule wangu alipoondoka hata mlango hakuufunga. Ulipigapiga na upepo mchana kutwa, mimi nimelala na mtoto, nadhani yumo anatoka na kuingia. Jirani ndiye aliyekuja kuufunga akaniambia nyumba haina mtu."

 Mzee hakuwahi kuisikia habari ya mlango huo. Miaka yote binti yake alikuwa hapo dukani, anapima mchele, anaosha vikombe, na hakumwambia.

"Huyu wamemfukuza," akaendelea, "na bado anawatengenezea wavu. Kama kijana kajifunza kwa mtu huyu, mpeni mke." Akarudisha simu, akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta kwa nguvu kuliko mchele ulivyotaka.

Mzee alijifuta uso kwa ncha ya shuka. Kisha akamgeukia mjomba.

"Posa haivunjiki. Kaa chini, bwana, miguu inakutoka damu. Leteni maji ya chumvi." Halafu akanigeukia mimi. "Sasa dhamana yangu imeondolewa. Una mtu mwingine?"

Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nina hasira na timu yangu.

"Sina, mzee. Labda mimi mwenyewe."

"Haya," akasema. "Basi beki ni wewe."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Na mimi nitaulizwa lini?"

"Utaulizwa na shehe siku ya ndoa," baba yake akamjibu.

"Basi nitafikiria."

Alifikiria vizuri. Siku ya ndoa shehe alipoingia chumbani kumuuliza kama ameridhia, alisema ameridhia, ila lile la Mwingereza hakushauriwa. Mjomba alikula pilau miguu imo kwenye beseni, anawaeleza wageni kwamba mpaka leo hakuna posa aliyoipeleka yeye ikarudi.

Beki wangu sasa nasikia anafundisha watoto palepale uwanjani kwao. Friji la Zinga linafanya kazi, na asiharibu mtu jina langu. Mkwe wangu alibandua picha zote za ukutani, akabandika moja tu, ya timu yangu, akatangaza kwamba huo ndio uhamisho wake wa mwisho. Msimu huohuo timu ikashuka daraja jingine. Alinipigia akanilaani mimi na ukoo wangu, halafu akauliza mechi ya kwanza ya huko chini ni lini.

Nikitoka kwenda kazini, nikishafunga mlango huusukuma tena kuona kama umeshika. Mke wangu hunicheka, husema nani atakuja kuiba masufuria. Sijapata kumweleza, na nadhani anajua.

Na mkwe wangu hunipigia kila baada ya siku chache. Hana shida yoyote. Salamu zikiisha huuliza, "Upo?" Pwani nzima watu husalimiana hivyo, na mtu huwa ameshapita kabla hujajibu. Yeye hapiti. Hunyamaza upande wa pili, nasikia friji linavuma nyuma yake, mpaka nimjibu.

"Nipo, baba."

"Haya," husema, na kukata simu.